Santiago Ramón y Cajal: mtoto mtundu aliyefungua njia ya kuielewa hofu

Wasikilizaji wetu, wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii tunaitumia karibu kila siku, na kila mmoja wetu anamjua mtu inayemhusu. Mama aliyenusurika kwenye mafuriko hapati usingizi mvua ikianza kupiga bati. Kijana aliyeanguka na pikipiki hutetemeka akisikia breki ikilia, hata kama amekaa barazani kwake. Mtoto aliyechapwa mbele ya darasa husahau yote aliyosoma pale mwalimu yule anapoingia tu.

Watu wa namna hii mara nyingi tunawacheka. Tunawaita waoga. Wengine tunasema wamerogwa, au wanajifanya ili wasifanye kazi. Leo tunataka kuonyesha kwamba hofu ya aina hiyo ni somo ambalo ubongo umejifunza, kama unavyojifunza njia ya kwenda kisimani, na kwamba lina mahali pake ndani ya kichwa na wahusika wake, ambao ni seli za aina mbalimbali.

Mtu aliyewafungulia wanasayansi mlango wa kuziona seli hizo alizaliwa kijijini, mtoto wa mganga wa vijijini, na kabla hajawa mtu wa maana alikuwa mtoto aliyeshindikana. Jina lake ni Santiago Ramón y Cajal. Tuanze na maisha yake, kisha tutafika kwenye hofu.

Kijijini Hispania

Santiago alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Ni eneo la milima na mawe, wakazi wake wakiwa wakulima na wachungaji. Baba yake, Justo Ramón, alitoka katika familia maskini, akajisomesha kwa taabu hadi akawa tabibu wa upasuaji wa vijijini. Mama yake aliitwa Antonia Cajal. Kwa desturi ya Hispania mtoto hubeba majina ya pande zote mbili, ndiyo maana anaitwa Ramón y Cajal, maana yake Ramón na Cajal.

Kazi ya baba iliwahamisha kutoka kijiji hadi kijiji. Mzee Justo alikuwa mkali na hakupenda mchezo. Alimfundisha mwanawe kusoma, kuandika na hesabu tangu akiwa mdogo sana, na alitaka awe daktari. Mtoto alitaka kuchora. Alichora ukutani, milangoni, kwenye kila kipande cha karatasi alichookota. Baba aliona huko ni kupoteza muda. Siku moja alichukua mchoro wa mtoto akampelekea fundi aliyekuwa akipaka rangi kanisa la kijiji cha Ayerbe, ili atoe hukumu. Fundi akasema mtoto huyu hana kipaji. Kuanzia hapo kuchora kukawa kosa nyumbani, na Santiago akawa anachora kwa kujificha.

Radi na kupatwa kwa jua

Akiwa bado mdogo, katika kijiji cha Valpalmas, Santiago alishuhudia mambo mawili ambayo hakuyasahau.

La kwanza lilikuwa radi. Watoto walikuwa shuleni, mvua kubwa ikinyesha, na padri alikuwa juu ya mnara wa kanisa akipiga kengele, kama watu wa huko walivyozoea kufanya wakati wa dhoruba. Radi ikapiga mnara, kisha ikapita hadi ndani ya shule walimokuwa watoto. Walikimbia nje wakipiga kelele. Padri alijeruhiwa vibaya, na baadaye akafa. Santiago alikuja kuyaandika hayo katika kumbukumbu za maisha yake akiwa mtu mzima, na hata baada ya miaka mingi picha ile ilikuwa bado wazi kichwani mwake.

La pili lilikuwa kupatwa kwa jua, tarehe 18 Julai 1860. Mchana uligeuka giza na viumbe vikachanganyikiwa. Lakini safari hii baba yake alikuwa amemweleza mapema kwamba mwezi utapita mbele ya jua, na siku ikajulikana kabla haijafika. Mtoto wa miaka minane alitazama jambo linaloweza kuwatisha watu kijiji kizima, naye akalitazama kwa shangwe.

Tuyaweke matukio haya mawili akilini. Moja lilikuja ghafla na maumivu, likabaki kama alama ya moto. Jingine lilikuja limeelezwa, likawa somo la furaha. Ubongo ni uleule wa mtoto mmoja.

Viboko na jela

Alipofika umri wa sekondari, baba alimpeleka mji wa Jaca, kwenye shule ya mapadre iliyosifika kwa kufundisha Kilatini kwa ukali. Walimu walichapa, walifungia watoto chumbani peke yao, na waliwanyima chakula. Santiago, ambaye alikuwa na macho ya kuona kila kitu na mkono wa kuchora chochote, alishindwa kukariri. Kadiri alivyochapwa ndivyo masomo yalivyozidi kumtoka. Alirudi nyumbani amekonda kama mgonjwa.

Wala hakuwa mtoto mpole. Akiwa na miaka 11 alitengeneza mzinga wake mwenyewe kwa gogo la mti, akaujaza baruti na kulipua lango la jirani. Wakubwa wa kijiji walimweka jela siku kadhaa, na baba yake aliridhia ili akome. Baadaye, alipoonekana hasomi, baba akamtoa shule na kumpeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi viatu. Kwa fundi viatu alifanya vizuri, maana mikono yake ilikuwa mahiri.

Kilichombadilisha ni mifupa. Mwaka 1868, Santiago akiwa na miaka 16, baba yake alimpeleka makaburini usiku, mahali palipokuwa na mabaki ya kale, wakakusanya mifupa ya kusomea. Wengi wetu tungekimbia. Lakini baba alikaa naye, akamwonyesha kila mfupa jina lake na kazi yake, na kumruhusu auchore. Kwa mara ya kwanza kuchora na masomo ya baba vikawa kitu kimoja. Santiago akasoma udaktari katika jiji la Zaragoza, akahitimu mwaka 1873.

Cuba, malaria na hadubini

Mara tu baada ya kuhitimu alichukuliwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa Cuba, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Hispania na ilikuwa vitani kudai uhuru. Adui aliyemwangusha daktari huyu kijana alikuwa malaria. Aliugua mpaka akabaki mifupa na ngozi, na mwaka 1875 akarudishwa kwao. Miaka michache baadaye alikohoa damu, akapatikana na kifua kikuu. Akapona polepole kwa mapumziko na hewa ya milimani.

Kwa akiba ya mshahara wa jeshi alinunua hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Aliiweka nyumbani. Mwaka 1879 alimuoa Silveria Fañanás, nao wakajaliwa watoto kadhaa. Silveria alibeba nyumba katika miaka ya shida, wakati mumewe akitumia fedha kidogo waliyokuwa nayo kununua dawa za maabara na kuchapisha majarida.

Mwaka 1883 akawa profesa katika jiji la Valencia. Mwaka 1885 kipindupindu kilipolipuka huko, alifanya uchunguzi wa ugonjwa huo, na serikali ya jimbo la Zaragoza ikamzawadia hadubini mpya, bora kuliko ile ya kwanza. Zawadi hiyo ilimfikisha mahali ambapo wengi walikuwa wamekwama.

Wavu au watu wanaopokezana ndoo?

Wakati huo wanasayansi walijua kwamba mwili umeundwa kwa seli, vyumba vidogo vidogo vyenye uhai. Lakini ubongo uliwashinda. Ukiuangalia kwa hadubini ulikuwa kama msitu wa nyuzi zilizosokotana. Wengi waliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja, nyuzi zote zimeungana bila mwanzo wala mwisho.

Mwaka 1873, Camillo Golgi wa Italia alikuwa amegundua njia ya kupaka rangi kwa kutumia chumvi ya madini ya fedha. Ajabu ya njia hiyo ni kwamba hupaka seli chache tu kati ya nyingi, na zile zinazoshika rangi huwa nyeusi kabisa kutoka mwanzo hadi ncha. Ni kama kwenye shamba la mahindi elfu moja upake masizi mashina matano tu. Sasa unaweza kuyafuata, jani kwa jani na mzizi kwa mzizi.

Santiago aliiona njia hiyo mwaka 1887, alipoonyeshwa na daktari Luis Simarro huko Madrid. Akarudi Valencia, kisha akahamia Barcelona kufundisha, na huko akaiboresha. Alirudia kupaka zaidi ya mara moja. Tena badala ya ubongo wa mnyama mzima, alitumia ubongo wa vifaranga na wanyama wachanga, ambao nyuzi zake bado hazijavikwa mafuta yanayozuia rangi kuingia.

Mwaka 1888 akachapisha alichoona katika ubongo wa ndege. Seli hazikuungana. Kila moja ilikuwa na mwili wake, matawi yake ya kupokea na uzi wake wa kupeleka. Zilikaribiana sana, lakini kila moja ilikuwa peke yake. Ubongo kwake haukuwa wavu. Ulikuwa kama watu waliosimama mstari kutoka mtoni hadi kwenye nyumba inayoungua, wakipokezana ndoo za maji mkono kwa mkono. Na habari, kama ndoo, ilikwenda upande mmoja: iliingia kwa matawi na kutoka kwa uzi.

Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa mtu wa nchi iliyodharauliwa katika sayansi, akiandika Kihispania ambacho wakubwa wa sayansi hawakukisoma. Jarida lake alilichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala chache. Mwaka 1889 akafunga safari hadi Berlin, Ujerumani, akibeba hadubini yake na vioo vyake. Kwa Kifaransa cha kuungaunga aliwavuta maprofesa mmoja mmoja waje kuangalia. Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa kuliko wote, aliinama, akatazama, akakubali. Kuanzia hapo jina la Cajal likaenea Ulaya. Miaka miwili baadaye seli hizo zikapewa jina linalotumika hadi leo: nyuroni.

Mwaka 1906 Santiago Ramón y Cajal na Camillo Golgi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel ya tiba huko Stockholm. Golgi, ambaye rangi yake ndiyo iliyomwezesha Cajal kuona, alitumia hotuba yake kutetea wavu. Wawili hawa walishika tuzo moja wakipingana. Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950, hadubini zenye nguvu zaidi zilipoonyesha nafasi ndogo mno kati ya seli na seli. Cajal alikuwa ameshafariki, lakini alikuwa sahihi. Maungio hayo yenye nafasi huitwa sinapsi.

Kwa nini nafasi hiyo inahusu hofu

Msikilizaji anaweza kuuliza, nafasi ndogo kati ya seli mbili inanihusu nini mimi ninayeogopa radi? Inahusu sana.

Kama ubongo ungekuwa wavu ulioshonwa tangu kuzaliwa, ingekuwa vigumu kueleza jinsi tunavyojifunza. Lakini kama seli zinapokezana habari kwenye maungio, basi ungio linaweza kuimarika au kulegea. Njia inayopitwa sana inakuwa barabara, isiyopitwa inaota nyasi. Mwaka 1894, akizungumza London, Cajal mwenyewe alitoa wazo kwamba kuifanyisha akili kazi huongeza na kuimarisha miunganisho kati ya seli. Leo wazo hilo ni msingi wa elimu yote kuhusu kujifunza, na hofu ya kujifunza imo ndani yake.

Wanasayansi huichunguza hofu hiyo kwa panya. Panya husikilizishwa mlio, kisha hupata mshtuko mdogo wa umeme miguuni. Baada ya mara chache, akisikia mlio peke yake hujikunyata na kuganda, hata kama umeme haupo. Ameumwa na nyoka, sasa anashtuka kwa unyasi.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni amigdala. Ni sehemu ndogo yenye umbo kama lozi, iliyo ndani ya kichwa usawa wa masikio, moja kulia na moja kushoto. Sisi binadamu tunayo, na panya anayo. Ndani yake zimo seli za aina nyingi, na kila aina ina kazi yake katika hofu.

Wanaobeba na wanaozuia

Aina ya kwanza ni seli kubwa zinazopeleka habari mbali. Habari ya mlio na habari ya maumivu hukutana juu ya seli hizi. Zinapofika pamoja, ungio lililoleta mlio huimarika. Kesho mlio ukija peke yake, unatosha kuiamsha seli, nayo huamsha moyo kwenda mbio, jasho kutoka na misuli kukaza.

Aina ya pili ni seli zenye uzi mfupi, ambazo kazi yake kubwa ni kuzuia. Hizi ni chache kuliko zile kubwa, lakini ndizo zinazoshika breki. Wakati wa kawaida huzibana seli kubwa zisipige kelele kwa kila mlio. Maumivu yanapokuja, baadhi ya seli za kuzuia hunyamazishwa, breki inaachiwa kwa muda mfupi, na katika muda huo ndipo somo la hofu linapoingia. Kwa hiyo kujifunza hofu kunahitaji seli za kubeba zipokee habari na seli za kuzuia zipishe njia.

Cajal alizichora seli hizi zenye uzi mfupi kwa wingi. Aliamini kwamba wingi wake katika ubongo wa binadamu una uhusiano na ubora wa akili yetu. Kwamba kazi yake ni kuzuia hakuwa na njia ya kujua, maana rangi yake ilionyesha umbo la seli iliyokufa tu.

Seli zilizodharauliwa

Ubongo wa binadamu una nyuroni zinazokadiriwa kuwa bilioni 86. Lakini una pia kundi jingine la seli, linaloitwa glia, ambalo kwa idadi linakaribia hilo. Kwa miaka mingi glia zilichukuliwa kama udongo wa kuziba nafasi kati ya nguzo. Hata jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi.

Cajal hakuzipuuza. Mwaka 1913 alitengeneza njia ya kupaka kwa kutumia dhahabu, akaonyesha vizuri glia zenye umbo la nyota, ziitwazo astrosaiti. Mwanafunzi wake, Pío del Río Hortega, akaenda mbele zaidi. Mwaka 1919 alieleza seli ndogo zinazotembea na kusafisha, maikroglia. Mwaka 1921 akaeleza nyingine zinazovika nyuzi za nyuroni koti la mafuta, oligodendrosaiti. Hapa mzee alikosea. Hakuukubali mara moja ugunduzi wa mwanafunzi wake, wakagombana, na Hortega akaondolewa kwenye maabara. Aliyedharauliwa akiwa kijana naye akamdharau kijana. Muda ukaonyesha kwamba Hortega alikuwa sahihi.

Leo inafahamika kwamba glia nazo zina mkono katika hofu. Astrosaiti husikiliza mazungumzo ya nyuroni kwenye maungio na kuyarekebisha. Wanasayansi walipoziamsha ndani ya amigdala ya panya, hofu ya panya ilipungua. Oligodendrosaiti huongeza koti la mafuta baada ya somo la hofu. Panya waliozuiwa kutengeneza koti jipya walijifunza hofu vizuri, lakini baada ya wiki kadhaa kumbukumbu yao ilikuwa hafifu. Na maikroglia hupunguza maungio, kama mkulima anayepogoa matawi, na katika panya zimeonekana kuchangia kusahau.

Kwa hiyo hofu moja ina wenye kuibeba, wenye kuizuia, wenye kuirekebisha, wenye kuitunza na wenye kuipogoa. Ndiyo maana kumwambia mtu aache woga hakusaidii. Utakuwa unamwambia nani kati ya hao wote?

Je, hofu hufutika?

Turudi kwa panya. Akisikilizishwa mlio mara nyingi bila umeme, taratibu huacha kuganda. Watu walidhani somo la kwanza limefutika. Sivyo. Somo la pili limewekwa juu yake: mlio huu sasa ni salama. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso hujifunza somo hilo na kupeleka ujumbe kwenye amigdala, ambako vishada vya seli za kuzuia hushika breki. Ndani ya amigdala yenyewe zimepatikana seli zinazoamka wakati wa hofu, na majirani zake zinazoamka hofu inapotulia.

Kwa kuwa somo la kwanza bado lipo, hofu inaweza kurudi. Mtu aliyetulia miezi sita anaweza kushtuka tena akipita mahali pa ajali. Si kwamba amerudi nyuma au hakupona. Ni somo la zamani limeamka, na somo jipya linahitaji kurudiwa.

Hapa ndipo elimu hii inapogusa nyumba zetu. Tiba inayotumika kwa watu wenye hofu kali baada ya maafa au ajali hufuata njia hiyohiyo: mtu hurudi kwenye kile anachokiogopa hatua kwa hatua, akiwa salama, akiwa na mtu anayemwamini, mpaka ubongo ujifunze somo la pili. Kumtupa mtoto anayeogopa maji mtoni kwa nguvu si tiba. Huko ni kumwongezea somo la kwanza. Na mwalimu anayechapa ili mtoto aelewe, huenda anachofundisha vizuri kuliko vyote ni hofu ya darasa. Santiago wa Jaca ni shahidi.

Ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako, baada ya jambo la kutisha, hapati usingizi kwa wiki nyingi, anaota ndoto zilezile, anakwepa watu au mahali, au anashtuka kwa kila sauti, mpelekeni kituo cha afya mkamweleze mhudumu. Si aibu, kama ambavyo kupelekwa kwa ajili ya malaria si aibu.

Mwisho wa safari yake

Santiago Ramón y Cajal alihamia Madrid mwaka 1892 na kufanya kazi huko maisha yake yote. Silveria alifariki mwaka 1930. Mumewe aliendelea kuandika hadi mwisho, akafariki tarehe 17 Oktoba 1934 akiwa na miaka 82. Aliacha maelfu ya michoro ya seli, iliyochorwa kwa mkono ambao fundi wa kanisa alisema hauna kipaji. Michoro hiyo bado inatumika kufundishia madaktari.

Aliwahi kusimama gizani kati ya mifupa ya wafu, na hakukimbia kwa sababu kando yake alikuwapo mtu aliyemwonyesha kila kitu jina lake. Aliyeumwa na nyoka bado atashtuka kwa unyasi. Sisi tulio kando yake tunaweza kuacha kumcheka, tukakaa naye, tukauangalia unyasi pamoja.